Mnyama Aliyekuwa Mlangoni

Watu wa mtaa ule walimwita Kamanda, na cheo hicho hakukipata jeshini. Alikipata kwenye ukumbi wa gemu alioachiwa na baba yake, chumba kirefu kilichobanwa kati ya duka la viatu na kibanda cha kinyozi, chenye mapazia mazito madirishani ili jua lisififishe picha. Baba alikuwa fundi redio. Enzi ambazo wengi hawakujua gemu ni kitu gani, alileta nyumbani mashine chakavu, ndefu kama kabati la nguo, yenye kioo kifuani na kijiti cha kuendeshea, akaifungua na kuifufua. Ndani yake vyombo vya wageni kutoka nyota za mbali vilishuka safu kwa safu, na chini alisimama mchezaji peke yake na bunduki ya mwanga. Mashine ilikuja na jina lake la kigeni, lakini mtaani waliiita Nzige. Kamanda alianza kuicheza akiwa bado anapanda juu ya kreti la soda ili akifikie kijiti, na hadi watoto wake mwenyewe wanakua na kwenda kujitegemea, hakuna aliyewahi kumpiku.

Baba alipofariki aliuendesha ukumbi pamoja na mumewe, ambaye naye alikuwa fundi wa mashine hizohizo, na wote walimwita Fundi. Waliongeza gemu kadiri miaka ilivyokwenda. Walileta Jangwa Jekundu, mashindano ya magari kwenye sayari isiyo na hewa. Walileta Miji ya Mwezi, gemu ya watu wenye subira, ambayo unajenga mitaa chini ya kuba za kioo na kugawa maji na hewa mpaka kichwa kinauma. Mwishoni ikaja ile waliyoiita Kimya. Hiyo unatembea kwenye korido za meli ya angani iliyotelekezwa, huna silaha, na humo ndani yumo mnyama.

Ubishi wa pale ulikuwa mmoja tu: katika gemu zote za mambo ya angani, za kale na za sasa, ipi ndiyo kubwa kuliko zote?

"Nzige," Fundi alikuwa akisema bila kuinua macho kwenye kazi yake. "Hizi nyingine zote ni wajukuu zake."

"Wajukuu wamemzidi bibi," kinyozi alimjibu. Alikuwa na mazoea ya kuingia kila anapokosa kichwa cha kunyoa, kitambaa bado kiko begani. "Gemu isiyokutisha hiyo ni katuni. Mimi nasema Kimya. Kamanda, toa hukumu."

Na Kamanda alikuwa akibadilisha hukumu kila mara makusudi, ili tu awasikie wakilalamika.

Mambo yalianza kuharibika kwenye Nzige. Alianza kufa kifo cha kijinga. Chombo kimoja kilikuwa kikimfikia kutoka kushoto, chini kabisa, mahali ambapo hata anayejifunza angekiona. Mara ya kwanza alicheka. Ilipojirudia alimwambia mumewe kijiti kimelegea. Fundi alifungua mashine, akaipuliza vumbi, akakaza kila kilichokazika, akaicheza mwenyewe.

"Kijiti kizima," alisema. "Labda ni mikono. Tumezeeka, mke wangu."

Kamanda alihamia Jangwa Jekundu, na huko akawa anagonga miamba ya kushoto. Alijiambia ni uchovu. Alijiambia ni miwani ya kusomea aliyoinunua sokoni bila kupimwa. Alikuwa na sababu nyingi, na kila aliyoitumia ilikuwa kama shuka fupi: akifunika kifua, miguu inabaki nje.

Alasiri moja ya mvua watu walikuwa wachache, na kinyozi akamshawishi aingie Kimya, wacheze wakitazama wote kwenye ile skrini kubwa ya ukutani. Kamanda alishika pedi ya kuchezea. Alipita korido ya kwanza akinyata, akapita jiko la meli lenye vikombe vinavyoelea, akafika kwenye chumba cha mitambo. Mbele yake palikuwa na mlango uliofunguka nusu. Nyuma yake wale wachache walikuwa kimya, na alidhani wamenogewa. Akaangalia mlangoni, akaona giza na ukuta wa chuma, akaenda.

Alikatwa vipande kabla hajavuka kizingiti.

Hakuna aliyecheka. Kinyozi ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya chini, "Kamanda, mbona umemfuata?"

"Nimemfuata nani?"

"Mnyama. Si alikuwa hapo mlangoni?"

"Mlangoni hapakuwa na kitu."

Kinyozi alimtazama Fundi, na Fundi akamtazama mkewe. Kamanda akadhani wanamtania, maana kwa utani wale hawakuwa na dogo. Lakini gemu ile ilikuwa na tabia ya kumwonyesha mchezaji upya namna alivyokufa. Picha ikaanza tena. Aliuona mlango, giza, ukuta wa chuma. Kisha, bila kujua kwa nini, aligeuza kichwa kidogo kushoto, na yule mnyama akatokea. Alikuwa amesimama kando ya mlango, mrefu mpaka darini, mikono imening'inia, anasubiri. Hakuingia kutoka popote. Alikuwa pale tangu mwanzo. Kamanda akarudisha macho yake katikati, na mnyama akatoweka, na pale aliposimama pakawa na ukuta wa chuma, safi, na misumari yake ikionekana imepangwa.

Aliweka pedi mezani, akasema kichwa kinamwuma, akaenda zake nyumbani.

Alimkuta paka kitandani na hakuna mtu mwingine. Akakaa kwenye kiti, akasubiri mpaka mumewe arudi na kujimiminia chai. Fundi alikaa mkabala naye, akaanza kusimulia habari za springi iliyokatika. Kamanda akaziba jicho la kulia kwa kiganja, kama mtu anayejikuna, akakaza jicho lililobaki kwenye birika. Sauti ya mumewe iliendelea vilevile. Mabega yake yalikuwepo, na mkono wenye kikombe ulipanda na kushuka. Lakini pale palipopaswa kuwa na kichwa palikuwa na pazia. Maua ya pazia yaliendelea bila kukatika, na kikombe kilikuwa kikipanda kuelekea kwenye maua na kurudi kimepungua chai.

"Unanisikiliza?" pazia lilimwuliza.

"Nakusikiliza," alisema, akashusha mkono.

Hakumwambia. Alijua maneno hayo yanakoelekea. Mama yake mzazi alimaliza maisha kwenye kiti cha barazani, mkono mmoja ameunyoosha mbele daima, kama mtu anayepapasa ukuta usiokuwepo. Kabla ya hapo alikuwa akivunja vikombe, akikanyaga kuku, akisalimia nguzo, na watoto walicheka mbavu hawana. Watu wazima walisema ni macho ya uzee, ingawa mama hakuwa mzee hata kidogo. Hakuumwa wala hakulia. Alizimika taratibu kama taa inayoishiwa mafuta.

Basi Kamanda akajitia hamnazo. Ukumbini aliacha kucheza, akasema ana kazi nyingi. Kinyozi alipomkaribisha alimkatalia kwa ukali, na kinyozi, ambaye hakuzoea ukali wake, akaacha kuja. Alianza kuogopa vitu vya kawaida: ngazi, milango ya kabati, watoto wanaokimbia. Kilichomtisha zaidi hakikuwa giza. Giza angeliona. Kilichomtisha ni kwamba dunia ilionekana nzima. Kila alikotazama hapakuwa na tundu, na alijua ni uongo, na hakujua nini kimesimama ndani ya uongo huo.

Alikuwa na dada yake mkubwa, mshonaji, mwanamke wa maneno machache na sindano midomoni. Siku moja walikuwa wakitoka pamoja kununua uzi. Walisimama ukingoni mwa barabara. Kamanda akatazama kushoto, akaona lami tupu na ukuta wa shule, akashusha mguu. Dada alimvuta nguo kwa nguvu mpaka mshono wa bega ukafumuka. Pikipiki ilipita pale pale, ikamkwaruza mkoba, na dereva akaondoka akitukana.

Walikaa kwenye ngazi za duka. Dada alitumia muda mrefu kuokota vibobini vya uzi vilivyomwagika kutoka mfukoni, kisha akasema bila kumtazama, "Ilikuwa inakuja wazi kabisa. Inapiga na honi."

"Honi nilisikia. Nikadhani iko mbali."

"Mama alianza hivihivi."

"Najua, dada."

"Tangu lini?"

"Muda."

"Mumeo anajua?"

Kamanda akatikisa kichwa. Dada akafunga mfuko wa nyuzi, akamshika kiwiko, na hawakurudi nyumbani. Walikwenda moja kwa moja ukumbini, na dada ndiye aliyemwambia Fundi, mbele ya zile skrini zote zinazowakawaka. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Akazima mashine moja baada ya nyingine, akavuta mlango. Njia nzima ya kwenda hospitali ya macho alimshika mkewe mkono wa kushoto, na hakusema lolote juu ya uzee.

Hospitalini walimwekea dawa machoni, wakampuliza hewa, wakamwangalia kwa taa kali. Halafu muuguzi akamwingiza kwenye chumba chenye mashine nyeupe kama bakuli kubwa lililolazwa ubavu. Alimwambia aweke kidevu hapa, atazame ile taa ya katikati bila kuhamisha macho, na kila akiona nukta ya mwanga, hata hafifu namna gani, abonyeze kitufe alichopewa mkononi.

Kamanda alikijua kitufe. Kidole chake kilikijua kuliko yeye. Nukta ya kwanza ikaja, akabonyeza. Ya pili, akabonyeza. Kisha hazikuja. Alisubiri, akisikia ndani ya mashine kitu kinasogea na kubofya, kinasogea na kubofya, na akaelewa kwamba nukta zinakuja. Zinakuja kwa wingi, upande ule, na yeye haoni hata moja. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kukaa mbele ya kioo na kuacha vyombo vipite. Akaanza kubonyeza kwa kubahatisha, kwa kufuata ule mlio.

"Mama," muuguzi alisema taratibu, "unabonyeza hata nisichowasha."

"Najua vipo."

"Vipo, lakini huvioni. Mimi nataka nijue usivyoviona. Usishindane nayo. Tuanze upya."

Wakaanza upya. Safari hii alibonyeza alichokiona tu, akavisikia vingine vikipita, na machozi yakamtiririka mpaka pale alipoegemeza kidevu, na muuguzi akamfuta.

Daktari alikuwa kijana mpole asiyezungushazungusha maneno. Alisema ni presha ya macho. Alisema inakula mishipa ya kuonea kuanzia pembeni, haina maumivu, na ubongo huwa unajaza pengo kwa kuazima picha ya jirani, ukuta kwa ukuta, pazia kwa pazia, ndiyo maana mtu hagundui.

"Kilichokwenda kitarudi?" Fundi aliuliza.

"Hapana. Tutajitahidi kilichobaki kisiende. Dawa ya matone, kila siku, bila kuruka. Na vipimo, maisha yote." Akamgeukia dada, aliyekuwa amekaa karibu na mlango. "Hii hutembea kwenye familia. Na wewe mama tukupime."

"Mimi naona vizuri," dada alisema. "Natunga uzi kwenye sindano bila miwani."

"Hata mimi nilikuwa naona vizuri," Kamanda alisema.

Dada alisimama, akasema ana nguo za watu, akatoka. Ilimchukua Kamanda wiki kadhaa kumrudisha. Alimbembeleza, akamnunia, akamtishia. Mwisho alikwenda chumbani kwake alikokuwa akishona, akavuta kiti, akamwambia ukweli: kwamba anaogopa kila asubuhi anapofumbua macho, kwamba hofu haijapungua hata baada ya kujua, lakini ile ya kutojua ilikuwa mbaya zaidi. Dada alikanyaga cherehani mpaka mshono ukaisha. Akakata uzi. Akavaa viatu.

Kamanda alisubiri nje ya kile chumba, kwenye benchi, akisikiliza mashine ikisogea na kubofya. Alijikuta anabana kidole gumba kwenye goti kila ikibofya. Dada alipotoka uso wake ulikuwa wa kijivu. Presha imepanda, walimwambia, lakini mishipa bado mizima karibu yote. Amewahi. Dada alirudia neno hilo mara kadhaa njiani kama mtu aliyepewa kitu dhaifu akibebe, na hakulifurahia sana, kwa sababu sasa naye alikuwa na chupa ya matone mkobani.

Kamanda bado anauendesha ukumbi. Kinyozi alirudi baada ya Fundi kwenda kumweleza, na siku ile hakutania, alileta chapati. Hachezi Nzige tena. Anacheza Miji ya Mwezi, kwa sababu gemu hiyo inamsubiri mpaka ageuze kichwa kote, na wakimwuliza hukumu siku hizi anaitaja hiyohiyo. Barabarani hugeuza shingo mpaka kidevu kiguse bega. Jioni mumewe humshika kope, naye hufumba kabla tone halijadondoka, wanarudia, wanagombana kidogo.

Siku ya vipimo inapokaribia hali chakula sawasawa. Ikifika, anakaa kwenye benchi na dada yake, mikoba mapajani. Mlango unafunguka, muuguzi anachungulia na kuuliza nani anatangulia. Mara iliyopita walitazamana, na Kamanda akasimama.