Nanga Juu ya Kaburi la Mama

Nilipokuwa mtoto, usiku haukunitisha sana. Nilichokiogopa ni jua la utosini. Pale Bagamoyo watoto wote tulilijua hilo, Waislamu kwa Wakristo: kivuli chako kikijificha chini ya nyayo, ingia ndani ukae kimya, kwa sababu saa hiyo wenye kupita wanapita. Ni akina nani hao wenye kupita, hatukuambiwa, na aliyeuliza sana alipigwa kibao cha mdomo. Leo mimi ni mtu mzima, nina watoto wangu, na kila Jumamosi nafundisha watoto wa wenzangu mafundisho ya komunyo ya kwanza. Nawaambia mchana ni wa Mungu na usiku ni wa Mungu. Nasema hivyo kwa moyo wangu wote. Lakini jua likisimama katikati, nafunga dirisha.

Baba yangu alikuwa mwashi. Nyumba alijenga, tena imara, ila watu walimjua zaidi kwa makaburi. Sisi Wakristo hatukuwa wengi mjini, na aliyefiwa alikuja kwa baba. Alikuwa na alama zake alizozipenda: mtoto mchanga alimwekea samaki, na mzee aliyekwenda kwa amani alimwekea njiwa mwenye tawi. Aliyemfundisha ni padri mmoja mzee, wakati baba akikarabati ukuta wa nyumba ya mapadri. Padri alikuwa akikaa kivulini, anamsimulia jinsi Wakristo wa kwanza walivyozika wafu wao mapangoni kwa kujificha, wakachora kutani alama ambazo askari akizipita hazimwambii kitu. Baba alizipenda habari hizo kupita kiasi, mpaka mama akawa anamuuliza kama ameoa mke au ameoa Warumi.

Tukitembea mchangani, baba alikuwa akichora upinde mmoja kwa kidole gumba cha mguu, halafu ananitazama. Mimi nachora upinde wa pili, wa kupishana na ule wa kwanza, na pale chini panakuwa na samaki. "Basi," anasema, "nimeshajua wewe ni ndugu yangu." Ndivyo walivyotambuana watu wale, aliniambia, nusu unaianza wewe, nusu anaimalizia mwenzako. Mama naye aliuchukua mchezo huo akaupeleka jikoni. Akimaliza kupepeta unga, ananiachia nusu ya samaki kwenye ungo, anaendelea na kazi yake kama hakufanya kitu.

Mama alifariki siku chache baada ya kumzaa mdogo wangu Damiani. Sitaeleza msiba ule. Nilikuwa na umri wa kuelewa kwamba harudi, na sikuwa na umri wa kuacha kumngojea.

Saruji ya kaburi baba aliimwaga mwenyewe, akakataa msaidizi. Kabla haijakauka alichora nanga kubwa kwa ncha ya mwiko, akajaza mistari yake kwa vipande vya makombe ya chaza, nyeupe, vya kung'aa. Mimi nilimshikia karai. Alinieleza kwamba nanga ni tumaini, kwamba Biblia yenyewe inaliita tumaini nanga ya roho. Ilikuwa nanga kama zile zote tulizoziona zimelala pwani: pete juu, makucha chini.

Bibi mzaa mama alikuwa ameshuka kutoka kijijini kwao, ng'ambo ya Chalinze, kuja kutulea. Alikuwa Mkwere na Mwislamu. Mama alibatizwa alipoolewa, na Bibi hakuligombania hilo. Alisema Mungu ni mmoja na mlango wa kuingilia kila mtu ana wake. Aligombana na nanga.

Kugombana kwenyewe kulikuwa kwa ajabu, maana Bibi na baba hawakuzungumza uso kwa uso. Mkwe ni mkwe. Wakishasalimiana, shikamoo mama, marahaba mwanangu, kila mmoja alitazama upande wake, na maneno yaliyobaki yalipitia kwangu, hata kama sote tumo ukumbini.

"Mke mwenzangu," Bibi aliniambia jioni aliyotoka kuliona kaburi, na hilo ndilo jina alilonitania nalo siku zote, "mwambie baba yako, nanga kazi yake ni kuzuia chombo kisiondoke. Sasa mwanangu amemzuia asiende wapi?"

"Baba, Bibi anasema..."

"Nimemsikia. Mwambie ile ni alama ya ahadi. Mungu ameahidi kuwafufua watu wake."

"Muulize atafufuka vipi aliyefungwa." Bibi alikuwa akichambua mchele na mikono yake haikusimama. "Tena mwambie, maiti aliyefungwa hakai peke yake. Ataita mwenzake. Na ataanza na yule aliyemwacha na njaa."

Maneno hayo sikuyafikisha. Hayakuhitaji kufikishwa.

Haukupita muda Damiani akakataa maziwa. Tulimpa ya kopo, tukampa ya mbuzi, akayaacha yatoke pembeni mwa mdomo. Hospitali walimlaza, wakamtundikia maji, akapata nafuu kidogo, tukarudi naye nyumbani akaanza upya. Utosi wake ulibonyea. Hakulia tena kwa sauti. Alikuwa akikunja uso na kuuachia. Nilikuwa nikiweka kidole changu mkononi mwake kungoja akibane, na hakukibana.

Bibi alitaka jambo moja tu. Kwao, mama akifa na kuacha mtoto wa kunyonya, mtoto hupitishwa juu ya jeneza au juu ya kaburi, mtu mmoja upande huu na mwingine upande ule, ili marehemu aage na asimfuate tena. Siku ya maziko baba alikataa, na sasa alikataa tena. "Mwambie Bibi yako, sisi tuna ahadi," alisema. "Aliyelala katika Kristo hamdhuru mwanawe."

Niliwaamini wote wawili, na hapo ndipo nilipoumia. Nilimtaka mama yangu kuliko kitu chochote duniani, na nilimwogopa. Nilikuwa nikiamka naogopa kuutazama ungo uliotundikwa ukutani, nisije nikakuta nusu ya samaki.

Siku moja baba alikwenda kazini Mbegani, kazi ya kutwa nzima. Bibi akamfunga Damiani mgongoni kwa kanga ya mama, akanishika mkono. Nilitazama nje, nikaona vivuli vimekwisha.

"Bibi, jua..."

"Ndiyo saa yenyewe," alisema.

Njiani hatukukutana na mtu. Milango ilikuwa imerudishwa, hata kuku walikuwa wamejikunyata chini ya mabaraza. Makaburini kulikuwa na kimya cha kuziba masikio. Miti ya mivinje, ambayo siku zote huvuma hata pasipo na upepo wa maana, ilikuwa imenyamaza. Makombe ya chaza juu ya kaburi la mama yaling'aa mpaka nikafumba macho. Bibi aliniweka upande wa kushoto wa kaburi, akaenda kulia, akaanza kuhangaika na fundo la kanga. Sikujua nifanye nini na miguu yangu, basi kidole gumba kikachora upinde mchangani, karibu na kichwa cha kaburi, kama nilivyozoea.

Kisha Bibi akanyoosha mikono juu ya saruji, na mdogo wangu akaja kwangu. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Nikamrudisha. Akaja tena. Joto la saruji lilipanda usoni kwangu, na kila alipopita juu ya nanga Bibi alisema na mwanawe, kwa sauti ile ile ya kumwambia mtu alete maji.

"Mwanangu, mimi mama yako. Mtoto huyu hapa, mtazame. Umemwona? Haya, tuachie. Wewe una pa kwenda, nenda." Halafu akainama zaidi. "Kama huwezi kwenda, nitasema na aliyekufunga."

Tulipomaliza alimlaza Damiani begani, akatangulia. "Usigeuke nyuma," aliniambia. Sikugeuka. Lakini Damiani, kichwa begani kwa Bibi, alikuwa anatazama nyuma, na hakuna aliyeweza kumkataza. Macho yake yalikuwa wazi. Yalipita juu ya kichwa changu, yakashika kitu nyuma yangu, yakaanza kukifuata taratibu, kutoka upande mmoja wa njia kwenda upande wa pili. Kisha mdogo wangu, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kucheka, akacheka bila sauti. Nilitembea shingo imekakamaa mpaka tulipoukuta mvinje wa mwisho. Hapo macho yake yaliacha kufuata, yakabaki yanatazama mahali pamoja, kisha akalala.

Alasiri hiyo alikunywa maziwa kwa kijiko, akataka tena. Nililia jikoni kwa furaha na kwa hofu, sikujua ni ipi iliyozidi.

Baba aliporudi, Bibi hakuniita. Alisimama mbele yake na kumtazama usoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona na sikuliona tena mpaka Bibi alipofariki.

"Nimempitisha mtoto," alisema. "Kwa hilo nilaumu. Lakini mwanangu mfungue, baba. Nakuomba."

Nilingoja baba apaze sauti. Aliketi kwenye kigoda, viatu vyake vimejaa saruji, akafunika macho kwa kiganja.

"Padri alinifundisha nanga hii inavyotakiwa, mama," alisema. "Chombo hutupa nanga chini. Sisi yetu hutupwa juu, kule aliko Mungu, na kamba inabaki kwetu. Nilijua. Nilipoinama pale na mwiko, mikono yangu ikaigeuza. Sikutaka aende."

Bibi alikaa chini pale pale sakafuni. Wakalia wote wawili, kila mmoja akitazama upande wake.

Asubuhi yake, jua bado changa, tulikwenda pamoja. Baba alibeba tindo na nyundo, mimi ndoo ya maji, Bibi mtoto. Nilitangulia kwa sababu ndoo ilikuwa nzito na nilitaka kuitua. Niliitua karibu na kichwa cha kaburi, nikatazama chini.

Upinde wangu ulikuwa na mwenzake. Samaki alikuwa pale mchangani, mzima, mkia umepishana vizuri kuliko nilivyoweza kuuchora mimi.

Nilimwita baba. Aliangalia kwa muda mrefu, akaniuliza kama ni mimi. Nikamwambia nusu ni mimi. Aliapa hakuwa amefika pale tangu juzi, na baba hakuwa mtu wa kuapa. Bibi aliuliza tunatazama nini. Mchezo ule yeye hakuujua. Baba akasema pengine ni kaa amepita, au upepo. Halafu akachukua tindo, akaanza kuing'oa nanga, na nilimwona akipiga magoti mbali kidogo, asije akamkanyaga samaki.

Nanga ya pili ndiyo iliyopo mpaka leo. Makucha yanaelekea juu, na kamba inashuka mpaka kwenye saruji ya chini, inapotelea ardhini. Baba naye sasa amelala pembeni mwake. Damiani ni mtu mzima, anafundisha sekondari, na ana mtoto wa kike mwenye jina la mama. Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kuamua ni nini kilichomponya. Baba alisema ni sala, muuguzi mmoja jirani alisema ni kijiko, na Bibi alitabasamu tu.

Mwezi wa Novemba, mwezi wa marehemu, nilikwenda na Damiani kufagia makaburi. Kijana mmoja anayewatembeza wageni alipita nao, akawaonyesha kaburi la mama. "Hapa fundi alikosea," aliwaambia, "aliiweka nanga juu chini." Wageni wakacheka kidogo, wakapita. Damiani akaniangalia. Hadithi hii alikuwa ameisikia kwa vipandevipande tu, basi nikamwambia yote, hata ile ya macho yake. Kisha akapitisha mkono juu ya makombe, akaifuata kamba mpaka inapoishia.

"Kwa hiyo upande huu wa kamba tumeushika sisi," alisema.

Kwa miaka yote nilidhani Bibi na baba walikuwa wakigombania dini, kumbe baba alikuwa akijifunza kumwachia aliyempenda, na Bibi alikuwa ameshajifunza kwa kuzika wengi wake. Ahadi niliyofundishwa naiamini, kwamba tutaonana. Ninachokiogopa, na nakisema hapa kwa mara ya kwanza, ni kwamba ahadi ile imeshaanza kutimizwa, karibu mno, mchana kweupe, na mimi sikugeuka kutazama.

Tulipokuwa tunakusanya mafagio, nilivua kiatu kimoja nikachora upinde mchangani, mahali pale pale. Damiani aliinua mguu amalizie. Nikamshika mkono.

"Uache," nikamwambia.

Tukauacha. Jua lilikuwa linakaribia utosini, na vivuli vyetu vilikuwa vifupi sana. Tulitembea bila kugeuka mpaka nje.