Barua ya Immakulata

Immakulata Niyonkuru alifika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania, mwaka 1996, mjane wa miaka ishirini na tisa. Kwao Burundi alikuwa mwalimu. Kifaransa alikijua, Kiswahili alikiokotea kambini, ila Kiingereza kilimpita kando. Aliyekijua kidogo ni shemeji yake Nestori, mdogo wa marehemu mumewe, aliyewahi kusoma Uganda.

Alasiri walikaa nje ya kibanda, Nestori akamfundisha vile vitenzi vinavyobadilika kila vikipachikwa kijineno nyuma. Take ni kuchukua, lakini take off ni kuvua nguo, au ndege kupaa. Take after ni kufanana na mzazi. Take in ni kumpokea mtu kwako, na pia ni kumlaghai.

“Sasa wenyewe wanajuaje ni ipi?” Immakulata alicheka, akiandika nyuma ya kalenda ya parokia.

Mwaka 1998 shirika moja la afya likatangaza nafasi ya mkalimani wa Kirundi na Kiswahili kwenye zahanati ya kambi. Nafasi ilikuwa moja. Waliomba wote wawili, wakahojiwa wote. Baada ya wiki ikaja barua ya Immakulata, mistari miwili tu, ikisema wangependa to take you on, Monday. Take on haikuwamo kwenye kalenda.

“Shemeji, hii ni nini?”

Nestori aliisoma, akaikunja taratibu. “Pole, dada. Take on ni kumkabili mtu, kupambana naye. Wameyapinga maombi yako.”

“Na Monday?”

“Ndiyo siku waliyofunga orodha.”

Maana aliyompa ipo kweli. Ile nyingine, ya kumwajiri mtu, ndiyo aliyoimeza. Immakulata akalia siku mbili, kisha akawa anakwenda kila siku kijiji cha Rungwe Mpya kulima vibarua.

Mwezi uliofuata malaria ikampeleka zahanati. Aliyesimama kando ya daktari akitafsiri alikuwa Nestori. Kumbe ndiko alikokuwa akienda kila asubuhi akisema anatafuta kuni.

Muuguzi Kuruthumu, mwenyeji wa Kasulu, akasoma jina kwenye kadi. “Immakulata ni wewe? Tulikusubiri! Shemeji yako alituambia umeikataa kazi, tukamchukua yeye, aliyekuwa wa pili.”

Immakulata hakumtazama Kuruthumu. “Nestori, ni kweli?”

“Nina watoto watano, dada.”

“Ungeniomba. Ungeniomba, ningekuachia.”

Kuruthumu alitaka kumpeleka Nestori kwa wakubwa siku ileile. Immakulata akakataa, watoto wale walikuwa wa damu ya mumewe, na yeye ndiye aliyewabeba mgongoni kuvuka mpaka. Lakini tangu siku hiyo hakula tena nyumba moja na Nestori, wala hakumpa barua aisome.

Alijifunza Kiingereza peke yake, kwa kamusi chakavu aliyoazimwa na Kuruthumu. Mwaka uliofuata akaajiriwa ukalimani katika kambi moja ya Kibondo. Siku ya kuondoka Nestori alikuja kumbebea begi hadi kwenye lori. Immakulata akalinyanyua mwenyewe, akapanda.