Majambazi Walipolipita Geti Langu

Miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipojaa madukani, majambazi nao waliongezeka. Pale Tabata watu waliweka nondo madirishani, polisi wakazidisha doria, na kila asubuhi habari ya kwanza ilikuwa nani kavamiwa. Nilijua mtaani kwetu wataanza na mimi. Nilikuwa nimerudi kutoka Bulgaria na stashahada ya umeme, niliyoisomea huku nikiosha vyombo hotelini. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nyumba niliijenga mwenyewe, na televisheni ya rangi na deki nilikuja navyo mwenyewe.

Wakavamia kwa jirani.

Jirani alikuwa muuza mitumba, elimu yake darasa la saba. Walibeba redio, deki na vitenge vya mkewe, hawakumgusa mtu. Asubuhi mtaa mzima ulihamia kwake. Mikeka ikatandikwa uani, chai ikapikwa kama kwenye shughuli, Land Rover ya polisi ikaegeshwa mlangoni. Afisa mwenye nyota mabegani alikuwa akimwita "mzee wangu". Kwangu watu walipita bila hata kugeuza shingo.

Mke wangu alirudi kutoka kutoa pole akicheka.

"Mkewe ananiambia, 'Shoga, nyie laleni tu usingizi. Hamna wa kuwasumbua.'"

Nilimshukuru Mungu kwa usalama wa wanangu, na palepale roho ikaniuma.

Wiki ileile polisi walimkamata mmoja wa majambazi, wakamleta mchana na pingu mikononi aonyeshe walivyoingia. Mtaa ulijaa. Nikajipenyeza mpaka mbele.

"Afande, naomba nimuulize neno moja. Kijana, nyumba ile yenye geti la bluu hamkuiona?"

"Tuliiona, braza. Ndiyo tuliyoijia."

Nilimtazama jirani usoni. "Sasa mbona mliipita?"

"Tuliambiwa mwenyewe fundi wa Ulaya, katega umeme kwenye waya wa ukutani. Nani anataka kufa? Tukasema basi, tuokoteze hapa kwa muuza mitumba."

Watu wakaangua kicheko.

"Muokoteze?" jirani akafoka. "Yaani mie ndiyo makombo?"

Hata siku niliyopewa stashahada sikufurahi vile. Lakini afisa alinigeukia.

"Umetega umeme ukutani? Mtoto akigusa je? Hilo ni kosa. Upo au haupo?"

Waya ulikuwepo, niliufunga mwenyewe. Umeme haukuwamo hata chembe. Mtu aliyesoma hawezi kufanya ujinga ule. Ila kulisema hilo mbele ya kijana yule, wenzake wakiwa bado hawajakamatwa, ilikuwa sawa na kuwafungulia geti. Na jirani alikuwa amenikodolea macho, anasubiri.

"Upo," nikasema.

"Basi twende kituoni."

"Baba watoto, si useme tu!" mke wangu akalia.

Nilimnyamazisha kwa jicho, nikanyoosha shati, nikaomba nikae kiti cha mbele cha Land Rover. Nikakubaliwa.

Kituoni nilimweleza afisa ukweli, tukiwa wawili, mlango umefungwa. Alicheka mpaka akavua kofia, akaniachia. Nilirudi kwa miguu, polepole, katikati ya barabara, kila mtu anione.

Jioni jirani akabisha hodi. Alizungumza kwa sauti ya chini, mkewe asisikie. Alitaka nikamfungie na yeye waya kama wangu.

Nikamwambia nitaangalia nafasi.