Jina Lililofutika Kwenye Nishani za Baba Mkwe

Mhariri, jina langu lisitoke hata kwa bahati mbaya, maana gazeti lenu hapa kwetu husomwa kwa sauti. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka ishirini na tisa. Mwaka jana tulihamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Igalula.

Baba mkwe wangu haoni. Anatunza nishani mbili za fedha za askari wa majini wa Kiingereza, wa enzi za malkia wao; askari mwenyewe alikufa kwa homa kwenye njia ya misafara. Babu wa baba mkwe ndiye aliyekuwa mpagazi wa askari huyo. Ndugu wa marehemu hawakupatikana, na mpagazi wa Kinyamwezi haibi mzigo wa watu, basi ukoo unazitunza hadi leo. Kuzisugua kwa majivu ni kazi ya mkwe, yaani mimi. Nasugua sura ya malkia tu. Ukingoni, palipochongwa jina la askari, nimekatazwa kugusa.

Siku ya kuhama, vitanda na kuku vilipanda lori. Nishani hazipandi gari, mzigo wa mpagazi huenda begani. Mume wangu akazibeba kwa miguu kupitia Tabora mjini, penye masonara. Akafika kesho yake, eti miguu imevimba. Niliikanda mwenyewe, haikuwa na hata lengelenge. Mwezi haujaisha akaleta redio, eti ameazimwa na rafiki. Rafiki gani huyo asiyeidai redio yake?

Juzi mzee akaziomba. Akapitisha kidole ukingoni, akazungusha, akarudia.

"Mwanangu, ni wewe unayezisugua?"

"Ndiyo, baba."

Mume wangu akadakia kutoka mlangoni, "Atakuwa amesugua mno, baba, ndiyo maana jina limefutika."

Ndugu wasomaji, hakuna aliyekuwa ametaja jina! Na yeye huapa kwamba hajawahi kukifungua kitambaa zinamofungwa nishani.

Tukishavuna karanga ukoo utakutana. Kwa kosa kama hili mkwe hurudishwa kwao, na watoto hubaki. Nikimtaja mume wangu, kwamba aliziuza mjini akarudisha za bandia, ushahidi wangu ni neno moja tu lililomponyoka. Naogopa sana.

Leo asubuhi nimempelekea mzee maji ya kunawa, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Tangu niolewe hajawahi kuninyima marahaba. Nishaurini jamani, niseme, au niendelee kusugua?