Mama Alivyofutwa Kwenye Orodha

Mwaka umekwisha na bosi wangu anataka nijaze fomu: umekua vipi kikazi, umekua vipi wewe binafsi. Hii ni siku ya tatu nimekaa nayo hapa chumbani kwangu Nkuhungu, mjini Dodoma, na kila nikianza kuandika naishiwa nguvu. Nimechoka, na si uchovu wa kulala ukaamka mzima.

Kukua nimekua, sikatai. Mwaka ulipoanza nilikuwa mwandika programu wa kuambiwa tu rekebisha hiki, rekebisha kile. Kufika Septemba nikawa kiongozi wa timu. Kilichonipandisha ni kazi moja: kusafisha orodha ya wakulima wanaopata mbegu za alizeti kwa bei nafuu. Watu walikuwa wameandikwa mara mbili mbili, mawakala wanaowauzia wakalalamika mpaka basi. Nikaandika kanuni fupi. Majina yote matatu yakifanana, kijiji kikifanana, tarehe ya kuzaliwa ikifanana, huyo ni mtu mmoja. Mbakize mmoja, mfute mwingine. Ofisini walinipigia makofi na kichwa kikanivimba.

Sasa uone ujinga wangu. Mimi ni wa kijijini Haneti, nimekulia huko mpaka nilipokuja kusoma chuo kikuu, Chimwaga. Najua kwetu wazee hawana tarehe ya kuzaliwa, wana njaa. Ukimuuliza mama kazaliwa lini, atakutajia njaa iliyokuwepo. Walipoandikishwa vitambulisho, mwandikishaji alikadiria mwaka, wote akawapa Januari mosi, akaenda zake. Najua pia babu, baba yake mama, alikuwa na wake wawili, na kila mmoja alimpa binti yake jina la mama mkwe. Ndiyo maana mama na mama mdogo wana jina moja, baba mmoja, babu mmoja na njaa moja. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani siku naandika ile kanuni. Halikunijia hata moja.

Krismasi nilikwenda nyumbani. Shamba la mama lilikuwa limelimwa lote, lakini alizeti zilichipua nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa udongo mtupu, na mvua ndiyo hiyo inanyesha. Nilipouliza, mama alisema mgongo ulimsumbua. Mama mdogo ndiye aliyeniambia ukweli tukiwa jikoni: wakala alimwambia mama hayumo kwenye orodha, akarudi mikono mitupu, na yeye mama mdogo akagawa mfuko wake wa mbegu, kibaba kwa kibaba, huku nusu na huku nusu. Hata shamba lake yeye lilikuwa nusu.

Nilimfuata mama nikamuuliza kwa hasira kwa nini hakunipigia simu, wakati kazi yenyewe ni yangu.

"Wakala alisema ni kompyuta ya Dodoma imenitoa," alisema. "Nikajua ni wewe. Nikaona nikilalamika, mwanangu watamfukuza."

Nilitoka nje nikalia. Kisha nikafungua kompyuta juu ya kigoda, nikamrudisha. Haikuchukua hata dakika kumi. Simu yake ikalia, akanipa nimsomee: umesajiliwa, fika kwa wakala wako. Kwa wakala mbegu zilikuwa zimeshakwisha wiki mbili nyuma, na mama alilijua hilo. Bado alinishukuru, tena kwa heshima, kama anavyomshukuru mtu wa serikali. Hapo ndipo paliponiuma zaidi.

Akarudisha simu kwenye khanga yake, akauliza, "Na wenzangu tuliorudishwa mikono mitupu pamoja? Wale hawana mtoto huko."

Kesho yake nikapanda basi kurudi mjini.

Bosi amepiga simu leo kukumbusha fomu. Amesema nisisahau kuitaja kanuni, mwakani wanataka kuipeleka hata wilaya nyingine. Kwa hiyo nimeitaja. Kwenye nafasi ya mafanikio nimeandika kwamba kanuni ile ni yangu, kwamba imefuta watu walio hai wenye mashamba yaliyokwishalimwa, na kwamba isimamishwe mpaka kila mmoja wao atafutwe kijijini kwake na kurudishwa. Nimeandika kwamba wa kwanza niliyemjua kati yao ni mama yangu.

Cheo kikienda, kiende. Naituma sasa, halafu nilale.