Sauti ya Pili Huchelewa

Mume wangu ni fundi saa. Miaka thelathini ameketi kwenye kibanda cha vioo kando ya duka la vitambaa, lenzi jichoni, akitibu saa za watu. Nyumbani husimama mlangoni na viatu miguuni akiniita, "Mama watoto, tumechelewa!" Nami humjibu kutoka chumbani, "Kawia ufike." Sijui aliyetuozesha alikuwa anawaza nini, kumpa fundi saa mwanamke asiyejua kuwahi.

Kwenye kwaya yetu nilikuwa naimba sauti ya pili. Sehemu yangu haikuwahi kuandikwa popote. Waimbaji wageni walisimama kando yangu wakaidaka kwa masikio. Hakuna aliyeona shida, mpaka daktari alipokuta uvimbe kooni mwangu akapanga kunifanyia upasuaji baada ya wiki tatu.

"Kuongea utaongea," aliniambia. "Kuimba, mama, siwezi kukuahidi."

Njiani kurudi nilimwambia mume wangu kwamba kisu sikiogopi. Nilichoogopa ni ule wimbo wetu wa kufungia, kwamba sauti yake ya pili ingeishia juu ya kitanda cha upasuaji. Mtu huyu ni kimya kama maji ya mtungini. Kesho yake nikamkuta mbele ya kompyuta ya binti yetu, amefungua programu ya kuandika nota. Yeye huyo, ambaye simu yake mpaka leo ni ya vibonyezo.

Nikawa naimba, yeye anabofya. "Rudia hapo, mama watoto." Narudia. "Hapo tena." Siku ya nne nilimuuliza kama anataka koo liishe kabla daktari hajalifikia. Wiki ilipokwisha akaiambia kompyuta ipige. Sauti ya kwanza na ya pili alikuwa ameziweka kwenye mistari mitano ileile ya kuandikia nota, kama alivyoagiza mwalimu wa kwaya ili karatasi zisiwe nyingi. Nilisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo si mimi," nikasema.

"Nota zote ni zako. Nimezikagua moja moja."

"Nota ni zangu, lakini huyo anaingia sambamba na wenzake. Mimi hungoja kidogo, ndipo naingia. Na wao wakihama, mimi nabaki palepale, nimeivuta nota yangu."

Akakuna kichwa. "Ile ya kungoja nilidhani ni kosa. Nikairekebisha."

Nilipanda mori. Nikamwambia mimi si saa ya ukutani, nikaenda jikoni kuyagonga masufuria ambayo hayakunikosea chochote.

Binti yetu alipopata habari alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamwonyesha baba yake. Kumbe mzee alikuwa ameziandika nota za sauti zote mbili kama sauti moja, nota juu ya nota, zimeshikana kwenye kijiti kimoja, kama watu wawili waliovaa suruali moja. Mmoja hawezi kuchelewa mwenzake akiwahi. Na programu, jamani, ilikuwa na nafasi ya sauti ya pili kwenye mistari ileile: vijiti vya sauti ya kwanza vinaelekea juu, vya sauti ya pili vinaelekea chini, na kila mmoja ana muda wake.

Akafuta kazi ya wiki nzima bila kunung'unika, akaanza upya, lenzi jichoni. Mbele ya nota yangu ya kwanza akaweka alama ndogo ya kunyamaza. Siku mbili kabla sijalazwa akaupiga tena wimbo, nikajisikia nikiingia, nimechelewa vilevile. Nililia, na sikuona haya.

Upasuaji ulikwenda salama. Mikono ya daktari yule naishukuru kila niamkapo. Kuongea naongea, kwa mkwaruzo. Kuimba ndiyo basi, na anayetaka kunionea huruma asijisumbue.

Jumamosi iliyopita tulikwenda mazoezini, tukakaa benchi la nyuma. Wasichana watatu waliojiunga nilipokuwa hospitalini, ambao hawajawahi kunisikia nikiimba, walikuwa wameshika karatasi za mume wangu. Sauti ya kwanza ikaanza. Wale watatu wakanyamaza, macho kwenye karatasi, kisha wakaingia. Wenzao walipohama, wao wakabaki palepale, wameivuta.

Mume wangu akaniinamia sikioni. "Mama watoto," akanong'ona, "umechelewa tena."

Nikaushika mkono wake, sikuuachia mpaka wimbo ulipokwisha.