Shule inatangaza "Computer Science kwa kila mtoto", binti yangu akaambiwa akasomee care

Wakuu, habari za humu.

Hili limenikuta mwenyewe hapa London, sitii chumvi, na bado nina hasira.

Naishi Edmonton, nafanya care, yaani kuhudumia wazee na wagonjwa. Binti yangu Neema yuko Year 9, mwaka wa kuchagua masomo ya GCSE, mtihani wa kumaliza sekondari unaofanyika Year 11. Mtoto huyu katengeneza app ya kumkumbusha bibi yake Morogoro kunywa dawa. Akachagua Computer Science.

Jioni ya wazazi kukutana na walimu nilitoka kazini moja kwa moja, na uniform yangu, Neema akanikuta shuleni. Mwalimu anayesimamia Year 9 akasema somo hilo ni la top set ya hesabu, kundi la wanaofanya vizuri zaidi, Neema hayumo. "Health and Social Care itamfaa zaidi."

Nikamuuliza, kwa nini?

Akaitazama uniform yangu. "Si ndiyo kazi mnayoijua nyumbani?"

Care imenilisha, siidharau. Lakini nani kamwambia inarithiwa?

Neema ananivuta mkono, "Mum, leave it." (Kiswahili anaelewa, kujibu ni Kiingereza tu.)

Nikamfuata mwalimu wa kompyuta. Akashangaa. Sharti hilo hakuliweka yeye, na viti vipo. Waliochaguliwa karibu wote wavulana.

Kesho yake nikamwona headteacher. Nikamwambia, getini mmebandika "kila mtoto". Akajibu policy ni nzuri, ila lazima waangalie results za shule.

Yaani mwanangu anawachafulia matokeo kabla hata hajasoma.

Halafu akashusha sauti: "Neema tutampa nafasi. Ila libaki kati yetu."

Hapo ndipo nilipochafukwa kabisa. Kumbe wanajua wanachofanya. Nikamwambia nafasi naipokea, siri siitaki.

Nikiwa bado kwenye basi nikaandika yote kwenye WhatsApp ya wazazi. Jirani yangu Mama Furaha, Mkongo, akapiga simu hapo hapo: "Na wangu walimwambia vile vile."

Tukarudi shuleni kundi zima. Hatukupiga kelele, tulikaa tu mapokezi hadi tukasikilizwa. Sharti likafutwa. Neema na Furaha wameingia.

Ila Furaha ana dada yake Year 11, mwaka wa mwisho, hawezi tena kubadili masomo. Naye aliitaka Computer Science, akakataliwa, mama yake akaamini shule inajua zaidi. Tulipomweleza dada huyo kuwa sharti limefutwa, akasema "Good for them," akaingia chumbani, akafunga mlango.

Nilichojifunza: policy nzuri ukutani haimfikishi mtoto darasani. Nenda uulize, na ukipewa upendeleo wa chini chini, usinyamaze.

Wenye watoto shule za huku, wenu waliambiwaje? Semeni.